Mkono Kwenye Picha

12 Januari

Kwa mpwa wangu Brashi,

Salamu nyingi kutoka kwa mzee wako. Mimi ni mzima. Magoti yananung'unika, lakini hiyo ndiyo kazi ya magoti. Paa limeanza tena kuvuja upande wa jikoni, nimetega sufuria, kwa hiyo siku za mvua nabaki na sufuria moja tu ya kupikia. Masikio ndiyo yale yale. Mumeo alinipigia Jumapili kwenye simu ya jirani, tukapigiana makelele mpaka watu wakadhani tunagombana, na katika yote aliyosema nilidaka mambo mawili tu: kwamba mmeweka mlango mpya, na kwamba tangu upasuaji mkono wako wa kulia haupandi kupita bega.

Kwa nini hilo nilisikie kwa mumeo? Dada yangu alipotuacha ulikuwa hujui hata kufunga kamba za viatu. Nikakulea mimi, na kamba nikakufundisha mimi. Mwandishi wa mabango ambaye mkono haupandi ataandika wapi, kwenye sakafu?

Sasa nisikilize. Nimewachua misuli wachezaji wa timu hii tangu uwanja wetu hauna hata uzio. Watu wameletwa kwangu wamebebwa, wameondoka wanakimbia. Kovu nalijua. Kovu la nje ni pambo tu. Lililo bishi ni lile la ndani. Linashika ngozi, linashika msuli, na ukilidekeza linafanya makao. Dawa yake ni kulitoa kwa nguvu. Mumeo apashe mafuta, aweke dole gumba pale kwenye mshono chini ya kwapa, abonyeze na kuvuta kuelekea shingoni. Abonyeze mpaka machozi yakutoke. Machozi yakitoka ujue mmefika penyewe. Fanyeni kila jioni, na usilionee huruma.

Na ule ugonjwa wako mwingine, wenye jina refu kama treni ya mizigo, wa kuumwa mwili mzima bila kupigwa na mtu, mimi naamini ni damu tu haitembei. Ikitembea, yote yataondoka pamoja.

Klabuni hatujambo. Wamemleta kijana aliyesomea mambo ya viungo, ana mashine yenye nyaya, anambandika mchezaji nyaya hizo utadhani anachaji betri. Tunacheka tu. Juzi tumeshinda mbili bila. Nilikuwa jukwaani, karibu na muuza karanga, na nikuambie kweli, ukikaa huko juu unauona uwanja wote. Kumbe miaka yote nilikuwa nakosa mengi.

Niandikie. Simu waachie wenye masikio.

Mjomba wako,
Mikono


2 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima. Mlango mpya unafunguka vizuri kiasi kwamba mume wangu anatoka na kuingia bila sababu. Anakusalimu, na anasema koo bado linamwasha kwa ile simu yenu.

Kazi zipo, ila sipandi ngazi. Naandikia mezani, mabango yakiwa yamelala, mkono nimeuegemeza kwenye ile fimbo yangu ya zamani ya kutulizia mkono nikiandika. Kichwa nacho kina siku zake za ukungu. Wiki iliyopita fundi viatu alinipa kazi ndogo ya ukuta wa chini, usawa wa kifua. Niliandika vizuri sana, herufi nyekundu, kivuli cheusi, kila kitu kimenyooka. Nikakusanya rangi, nikarudi nyuma kuangalia, nikakuta nimeandika kwenye ukuta wa jirani yake. Mwenye duka la dawa alitoka akasoma kwamba anabadilisha soli na visigino. Alicheka, namshukuru Mungu. Mimi nilicheka nikafika nyumbani nikalia.

Jina refu la ule ugonjwa ni fibromialjia, Mjomba, na daktari anasema si damu. Alinieleza hivi: neva zangu ni redio ambayo kitufe cha sauti kimevunjika kikiwa juu. Kitu ambacho wewe kinakugusa, mimi kinanipigia kelele. Ndiyo maana wengine wanafanyiwa upasuaji kama wangu, wanapona, wanasahau. Mimi kidonda kilifunga vizuri kabisa, ila chini yake pamebaki ukamba mgumu kutoka kifuani mpaka kwapani. Nikiinua mkono unakaza, unaukatalia. Siku nyingine hata mkanda wa sidiria ukipita pale naona moto, na usiku wa siku hiyo silali, na asubuhi yake mpaka vidole vya miguu vinauma, ambavyo havikupasuliwa na mtu. Uvimbe wenyewe waliotoa haukuwa wa hatari. Nashukuru. Lakini kuna saa najiuliza ingekuwaje kama ningeuacha ukae zake.

Maelekezo yako tumeyapata na tumeanza. Mume wangu anapasha mafuta, anabonyeza, mimi nauma taulo. Nafikiri naona nafuu kidogo.

Halafu nina swali dogo. Mechi unaangalia jukwaani siku hizi? Kwenye benchi kuna nini?

Mpwa wako


20 Februari

Brashi mwanangu,

Marahaba, marahaba mara mbili. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nafuu! Si nilikuambia? Hadithi ya mwenye duka la dawa nimemsimulia kinyozi, na kinyozi ameshawasimulia wateja wake wote, kwa hiyo huku wewe ni maarufu.

Hapa pameingia baridi ya mvua. Paa nimelipigia bati jipya mwenyewe, jirani akishika ngazi na kunitukana. Mimi ni mzima wa afya, ila siku ni ndefu. Naamka mapema kama kawaida, naandaa taulo na chupa za mafuta, halafu nakunywa chai.

Sasa msilegee. Nafuu kidogo maana yake ukamba umeanza kuogopa. Mwambie mumeo aongeze. Atumie dole gumba na kifundo cha kidole cha kati, hivyo viwili kwa pamoja, kama anakanda unga mgumu. Najua yule bwana ana roho laini, mwambie afumbe macho. Hiyo habari ya redio ni maneno ya madaktari. Mwili hauna redio. Mwili una misuli, na misuli inataka mkono unaojua.

Yule kijana wa mashine anasema siku hizi kovu halibonyezwi sana, linapapaswa tu. Linapapaswa! Utadhani ni paka. Aliyasema hayo mbele ya watu, mbele ya mwenyekiti, na mimi nipo. Yaliniuma.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Mkono ukishapanda, piga picha umeuinua, unitumie. Nataka iwe picha ya karatasi ya kushikika, hizi za kwenye simu sizitaki. Yupo mtu nataka aione.

Mjomba wako,
Mikono


25 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Samahani nimechelewa kujibu. Kulikuwa na mambo mengi mengi, na kalamu hii ni mbaya, ndiyo maana mwandiko unayumba. Sisi wazima. Mume wangu anakusalimu.

Ile kazi ya ukuta wa ghala, ule ukuta mrefu wa barabarani niliokuwa nausubiri tangu nianze kushika brashi, imefika hatimaye. Nimemwachia mwenzangu. Nilikuwa na nafasi finyu. Anaendelea vizuri, nilipita jana kumwangalia, ametumia buluu nzito kuliko ambayo ningetumia mimi.

Picha uliyoomba hii hapa. Mpiga picha ni mume wangu, kwa hiyo usishangae imeinama. Mkono unaonekana, si ndiyo?

Usijali kuhusu mimi. Jitunze na baridi.

Mpwa wako


8 Aprili

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Nimeifungua bahasha pale pale posta, mbele ya watu, nikapiga kelele. Mkono juu kabisa! Na brashi! Na unacheka! Mama wa dirishani aliniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikampa picha aishike.

Nimeitia kwenye fremu, ipo ukutani jikoni, juu ya kiti cha kuchulia. Lakini kabla ya kuitundika niliipitisha klabuni. Sasa naweza kukuambia, kwa kuwa yamepita. Mwaka ulipoanza waliniaga. Walinipa kikombe cha chai chenye nembo ya timu na maneno matamu, wakasema wakati umebadilika. Sikutaka ujue. Ulikuwa na mzigo wako, na mimi nilikuwa na aibu yangu. Ndiyo hiyo habari ya jukwaani uliyouliza. Wewe tangu mtoto hupitwi na kitu.

Basi nikaiweka picha mezani kwa mwenyekiti. Nikamwambia, huyu daktari alimwambia ni neva tu, na huyu nimemnyoosha kwa barua, sijamgusa hata kwa kidole, ingekuwaje ningemgusa? Mwenyekiti aliitazama muda mrefu. Kijana wa mashine naye aliitazama, akaniuliza umri wa kovu, nikamwambia yeye aendelee na nyaya zake. Kazi hawajanirudishia. Lakini nilitoka pale kichwa juu, na nilikuwa sijatoka kichwa juu tangu Januari.

Na kuna zaidi. Mama wa golikipa wetu amepasuliwa upande ule ule kama wewe, na mkono umeanza kumkaza. Ameomba nimsaidie. Mwanzoni alisita, ni mwanamke mwembamba mwenye heshima zake, anaogopa maumivu. Nikamwonyesha picha yako. Aliishika kwa mikono miwili, akasema kama huyu ameweza na mimi nitaweza. Tunaanza mwisho wa mwezi, akirudi kutoka kwa mkwewe.

Umenipa kazi tena, Brashi. Mungu akuzidishie.

Mjomba wako,
Mikono, wa zamani na wa sasa


19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu naziweka kando, utanisamehe.

Usimguse mama wa golikipa. Nakuomba, kabla hujamaliza kusoma barua hii, kama ameshaanza kuja kwako mwambie asije.

Ile picha si ya kweli. Mkono wangu haukupanda. Kwenye ukuta wa uani kuna msumari. Nilipanda ngazi, nikajishikilia kwa mkono wa kushoto, mume wangu akaunyanyua wa kulia kwa mikono yake miwili, akaning'iniza vidole kwenye msumari na kunishikisha brashi mbele yake ili usionekane. Kisha akarudi nyuma akapiga. Hakutaka. Aliniambia, unamfanyia nini mzee wa watu? Nikamwambia apige tu. Unaponiona nacheka, nilikuwa nimeuma meno. Baada ya hapo nililala kitandani mpaka mwenzangu wa kazi akaja kuuliza kama nimehama. Barua iliyofuatana na picha niliiandika kwa mkono wa kushoto. Kalamu haikuwa na kosa lolote.

Na ile nafuu haikuwahi kuwepo. Kila jioni aliponibonyeza niliona nyota. Nilikuwa natapika kwenye beseni, halafu namwambia aendelee. Kesho yake mwili wote ulikuwa unanidai: mgongo, taya, nyayo. Ukungu ulizidi, nikawa nachanganya makopo ya rangi. Ukamba ulizidi kuwa mgumu badala ya kulainika. Ilifika siku mume wangu akaimwaga chupa ya mafuta uani na kusema yeye hatamtesa tena mke wake kwa maelekezo ya posta. Ugomvi wetu wa kwanza wa kweli tangu tuoane, na nilikuwa nakutetea wewe.

Nesi wa kliniki ameniambia kovu kama langu linaguswa taratibu tu, kwa kiganja, kama unafuta vumbi kwenye kioo, muda mfupi, na siku ya maumivu linaachwa kabisa. Ni yale yale aliyoyasema yule kijana.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Ulipoandika kwamba umekaa karibu na muuza karanga, nilijua wameshakutoa. Mikono yako ndiyo iliyonilisha na kunivalisha shule. Nikaona nikikuambia imeniumiza, nitakuwa wa pili kukufukuza. Nilidhani uongo utakaa kati yetu wawili tu. Sikujua utauweka kwenye fremu.

Barua inachukua siku nyingi na simu huisikii, na namba ya jirani yako haipatikani. Nimepiga klabuni. Aliyepokea ni yule kijana wa mashine. Nimemweleza kila kitu. Amesema atakuja kwako mwenyewe leo leo baada ya mazoezi. Mjomba, akija mpokee. Msikilize.

Mpwa wako


11 Mei

Mpwa wangu,

Kijana alikuja. Alikuja na baiskeli, mvua imemnyeshea, na kwa kuwa anajua masikio yangu, alikuwa ameshaandika kwenye karatasi: mpwa wako amepiga simu, anasema usimchue mama wa golikipa, anasema picha si ya kweli. Nikaisoma. Nikamshika mkono nikamwingiza jikoni, nikamsimamisha mbele ya picha. Nikamwambia, macho unayo? Umeninyang'anya benchi, sasa unataka na mtoto wangu aonekane mwongo? Alijaribu kuandika tena, nikachana karatasi. Nikamtoa nje na mvua yake. Nilirudi ndani moyo umejaa, nikajiambia leo nimempa vidonge vyake.

Basi mama yule alikuja kama ilivyopangwa. Nilimkalisha kwenye kiti. Mshono wake ulikuwa mchanga kuliko nilivyodhani, bado una wekundu pembeni, lakini sikuuliza, maana mtu anayejua haulizi. Nikapasha mafuta. Kila nikibonyeza, alikuwa anaitazama picha yako. Nilimwuliza, unaumia? Akatikisa kichwa kwamba hapana. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi nikafurahi, nikasema tumefika penyewe. Alikuja tena kesho yake. Na keshokutwa akaja tena, anatembea ameegemea upande mmoja, na hakusema lolote.

Asubuhi iliyofuata golikipa alikuja kunigongea. Sikusikia mlango, akagonga dirisha. Mshono wa mama yake ulikuwa umefunguka kwa ndani, umejaa usaha, amelazwa. Nilikwenda hospitali. Daktari wa kike, mdogo kuliko wewe, aliniongelesha taratibu mdomo wazi ili nimwelewe, na nilimwelewa neno kwa neno. Heri siku hiyo masikio yangu yangekuwa yamekufa kabisa. Niliporudi nyumbani nikaikuta barua yako chini ya mlango.

Hatakufa. Watu wananiambia hivyo kunipa moyo. Wamemsafisha, wamemshona upya. Lakini kovu litakuwa kubwa mara mbili ya lile la kwanza, na hilo nimemwachia mimi.

Nilikwenda kwa yule kijana kumwomba radhi. Aliniletea kiti. Laiti angenitukana.

Sikulaumu. Usije ukafikiri nakulaumu, mkono uliobonyeza ni huu wangu. Ila kuna jambo linaniumiza na sina wa kumwambia isipokuwa wewe. Nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Naona umeandika nafuu, umeandika wazima, umeandika usijali. Zamani ulipokuwa mdogo nilikuwa najua utalia kabla hujalia. Nilikuwa nakuona kwenye kidevu tu. Sasa nimekaa na karatasi zako na sijui hata sentensi moja ya kushika. Hata hiyo barua yako ya kweli nimeisoma nikajiuliza umenipunguzia kiasi gani.

Ukiniandikia tena, usiniandikie kwamba hujambo. Niambie ulivyo. Usinipunguzie.

Mjomba wako


2 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo.

Leo siko vizuri. Nimeamka mabega yote mawili yanauma na viganja vinawaka, na barua hii naiandika kwa vipande, nikichoka naiacha nakwenda kulala, ndiyo maana wino umebadilika hapo katikati. Jana nilikuwa na siku nzuri. Niliandika bango la fundi saa, mezani, kutoka asubuhi mpaka mchana, halafu nikafua, na nadhani kufua ndiko kulikoniponza. Siku nzuri zinanidanganya, nazitumia zote mara moja.

Mkono wangu haupandi. Unafika usawa wa kidevu, siku nyingine wa bega tu. Nimemwuliza daktari kama wanaweza kufungua na kulikata lile kovu. Amesema wanaweza, ila kwa mwili kama wangu watatoa kovu moja na kuweka lingine, na maumivu ya kupasuliwa yatawasha mwili wote kwa muda ambao hawezi kuukadiria. Hakuniahidi kitu. Nimekataa. Kwa hiyo ukuta wa ghala haukuwa habari ya nafasi. Sitaandika kuta ndefu tena. Nilipopita kumwangalia mwenzangu siku ile nilisimama upande wa pili wa barabara nikalia, na kweli buluu yake ni nzito mno, hilo sikukudanganya.

Mume wangu alikuwa amekukasirikia mpaka barua yako ilipofika. Ameisoma, akatoka nje, akakaa sana uani. Aliporudi akasema nikuandikie uje ukae nasi mvua zikiisha. Mimi sijui kama niko tayari. Nakupenda, lakini nikifikiria unaingia hapa, mwili unakaza wenyewe kabla hata hujafika mlangoni. Si kosa la moyo wangu, ni mwili, unakumbuka jioni zile. Labda baadaye. Naona aibu kukuandikia hivyo, na nimekuandikia.

Nawe niambie ulivyo. Uliponificha habari ya benchi, nilikuwa naona taulo zako na chupa zako kwenye barua, na nilijua, na tukaendelea kuandikiana habari za bati. Unaamka saa hizo bado? Unakwenda wapi ukishakunywa chai?

La mwisho. Nilichukua namba kwa yule kijana nikampigia mama wa golikipa. Ameshatoka hospitali, sauti yake ni ndogo. Nilimwambia mimi ndiye wa kwenye picha. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza hali ya mkono, akasema nilimtia moyo. Nikamweleza habari ya msumari. Nikamweleza beseni, taulo, na kitanda. Kisha akaniuliza, "Kwani na wewe uliumia?"

Nikamwambia niliumia kila siku, tangu jioni ya kwanza.

Akasema, "Mimi nilidhani ni uoga wangu. Ningejua, mwanangu, ningepiga kelele."

Mpwa wako